Matundu Matatu na Mkato Mmoja

Baba mkwe wangu alikuwa na ngiri, na mtaa wetu mzima wa Mbotela ulijua isipokuwa wanawe. Majirani walimwona akienda dukani mkono mmoja umezama kwenye mfuko wa suruali, ameushikilia ule uvimbe usichomoze, wakageuza macho kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeona mshipi. Aliukata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akawa anaufunga kinenani chini ya nguo, na akiufua aliuanika nyuma ya shuka ili nisiuone. Lakini mtu anayefua nguo za nyumba nzima huona kila kitu. Nilinyamaza, maana mimi ni mke wa mwanawe, na kwao Wajaluo mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, hakai kitandani pake, wala hazungumzi naye habari ya kitu chochote kilicho chini ya kifua.

Tena mimi ni Mkikuyu. Mila zao nilizishika kuliko wao wenyewe, mtu asije akasema Owuor alioa mwanamke asiye na adabu. Nyumba ni ya Mzee Ondiek, aliipata akiwa fundi wa mabomba wa kaunsili. Mimi na Owuor tulilala kwenye chumba cha mabati tulichokijenga nyuma, kwa sababu mwana halali na mkewe chini ya paa la babake. Mzee alilala ndani, upande wa pili wa pazia la maua ambalo marehemu mama mkwe, Adoyo, alilishona kwa mkono. Chai yangu iliishia kwenye stuli mbele ya pazia hilo. Nilisema, "Baba, chai," naye akajibu, "Asante, Nyar Murang'a," yaani binti wa Murang'a, kisha nikaondoka zangu. Tuliishi hivyo miaka mingi na tukapendana kuliko watu wengi wanaokumbatiana.

Hata baada ya kustaafu, bomba la mtaa likipasuka watu walimwita yeye. Vijana walikuwa wanafika na spana zao, wanaanza kuhangaika na mpasuko huku maji yakiwarukia usoni, wanatukana. Yeye aliwapita polepole, akaenda hadi kwenye koki kubwa karibu na lango, akaizungusha. "Funga maji huko juu kwanza," alikuwa akiwaambia. "Ukishafunga, hupigani na kitu." Alipenda kazi hiyo hata nguvu zilipomwisha. Na ni mabomba hayohayo ya chuma, aliyoyabeba begani ujana wake wote, yaliyompasua kinena.

Siku moja alikohoa pale bombani, kile kikohozi chake cha sigara, akajikunja na kukaa chini kwenye matope mbele ya watu. Hapo siri ikaisha. Owuor akampeleka hospitali, nami nikaenda nao kwa sababu mume wangu ni fundi mzuri wa kuchomelea mageti lakini hakumbuki daktari alisema nini hata kabla hajafika mlangoni.

Daktari alikuwa msichana. Jina lake Batulo, ana ushungi wa kijivu na mikono midogo ya mtu anayeweza kuwa mjukuu wa mzee. Nilikaa nje ya pazia la hospitali wakati anampima. Alipotoka uso wake ulikuwa umekunjamana kidogo.

"Mzee, ulivyonieleza ni kikubwa," alisema. "Mbona mimi naona kidogo hivi?"

Owuor hakujua. Mimi nilijua, na niliona haya kusema. Mzee alikuwa ameingia chooni kabla ya kuitwa, akalala kwenye ile sakafu, akausukuma utumbo ndani, akafunga mshipi. Alijitengeneza kabla ya kuonekana, kama vile mtu anavyofagia nyumba kabla ya wageni. Kwake ile ilikuwa adabu. Na kwa sababu ya adabu hiyo, kwenye faili waliandika kwamba si ya haraka.

Hata hivyo Daktari Batulo alitueleza vizuri, polepole, bila kujigamba. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya kupasua: mkato mmoja kinenani, utumbo unarudishwa, pale palipolegea panashonewa wavu. Ya pili ni ya matundu: wanatoboa matundu matatu madogo tumboni, wanapuliza hewa, wanaingiza kamera na vyuma vyembamba, wanashona wakitazama kwenye kioo kama cha televisheni. Hii ya pili haina maumivu mengi baadaye, na mtu hurudi kazini upesi.

"Basi hiyo," Owuor akasema.

"Ngoja," daktari akasema. "Ya matundu lazima mgonjwa alazwe usingizi kabisa, awekwe mpira kooni, mashine impumulie. Mzee ana kifua kibovu, na moyo wake siupendi. Ya kupasua naweza kuifanya kwa sindano ya ganzi pale pale tu. Atakuwa macho, tutapiga gumzo, na jioni mnarudi naye nyumbani. Kijana ningemwambia achague. Kwa mzee wa umri huu, mimi ningempasua."

Nilielewa kila neno. Nilimtazama mzee nikamwona ameinamisha kichwa, anaipindapinda kofia yake.

Lakini kwao mzaliwa wa kwanza ndiye hutangulia. Atangulie kulima, atangulie kujenga, atangulie kusema. Mzaliwa wa kwanza ni Okumu, anaishi Komarock, ana ofisi na kiti kinachozunguka. Jumapili tukaenda kwake. Tukapewa soda na keki, tukakaa kwenye makochi ambayo hayajatolewa nailoni, na Okumu akasimama kana kwamba yuko kwenye mkutano wa chama.

"Baba yangu hatapasuliwa kama mbuzi wa Krismasi," alisema. "Hiyo ya mkato ni ya watu ambao hawana njia. Bosi wangu babake alifanyiwa ya matundu, siku ya pili alikuwa anatembea kwenye bustani."

"Huyo babake alikuwa na kifua kama cha Baba?" nikauliza.

Mke wa Okumu akaanza kukusanya sahani. Okumu akanitabasamia lile tabasamu lake la ofisini. "Shem, nakuheshimu sana. Lakini hii ni ya watoto wa Ondiek."

Nikamtazama Owuor. Owuor akatazama viatu vyake. Ningemrushia ile keki.

Okumu akamgeukia babake. "Baba, wewe wasemaje?"

"Ya matundu," mzee akasema, upesi mno.

Wote wakashusha pumzi, mambo yakaisha. Nilifikiri mzee amekubali ili asimvunjie mwanawe heshima mbele ya wakaza wana. Nilikuwa nimekosea, na nilikuja kujua siku chache baadaye, nikiwa nachambua maharagwe sebuleni naye yuko nyuma ya pazia.

"Nyar Murang'a."

"Naam, Baba."

"Ile ya mkato. Mtu huwa macho?"

"Ndiyo. Wanatia ganzi pale tu. Hutasikia kitu."

"Sisikii, lakini naona." Nikasikia kitanda kikilia. "Na yule msichana ndiye atakuwa pale chini? Na wasichana wengine wa kushika taa?"

Hatukuwahi kusogea karibu na mazungumzo kama hayo.

"Basi mimi nitalala," akasema. "Nikilala, sitamwona akiniona."

Nililia juu ya maharagwe. Nilisikia huruma, kisha nikasikia hasira, maana jambo lenyewe lilikuwa dogo kabisa. Siku iliyofuata nilirudi kwa Daktari Batulo peke yangu nikamweleza, huku natazama dirisha. Hakucheka. Alisema yupo mwenzake, Daktari Kinyanjui, mtu mzima mwenye mvi, na wauguzi wanaume wapo. Angewapanga hao tu, na shuka ya kuzuia mzee asione chini. "Mlete tu," alisema. "Ila msikawie. Na siku yoyote ikikataa kurudi ndani, ikiwa ngumu, akitapika, usiulize mtu. Mlete hapohapo." Akanipa tarehe.

Nilifika nyumbani nimefurahi kama mjinga. Nikamwambia Owuor, "Mwambie kaka yako Baba anaona haya, basi. Tumepata daktari mwanaume, na haya hayapo tena."

"Nitamwambiaje kaka yangu habari za uchi wa Baba?" akasema.

"Kwa mdomo."

"Wakiuru, wewe huelewi. Hata mimi hupaswi kuniambia." Akavaa koti lake la kazi na kutoka. Huo ndio wimbo niliousikia tangu nilipoolewa, kwamba sielewi. Tarehe ya Daktari Batulo ikafika, nikaitazama ikipita, kwa sababu Okumu alikuwa ameshapata hospitali nyingine, ya watu wenye nafasi, na hakuna mdogo anayeruka kauli ya mkubwa.

Huko nako mtaalamu wa usingizi alikisikiliza kifua cha mzee, akatikisa kichwa. Akataka moyo upigwe picha kwanza, kifua kitibiwe kwanza, halafu wataona. Mtu mwingine angekumbuka maneno ya yule msichana mwenye ushungi. Okumu aliona ametukanwa. Akaanza kutafuta hospitali ya tatu. Kila Jumapili alipiga simu kumpa babake matumaini: daktari fulani ametoka India, mashine fulani ni mpya. Mzee alimjibu "Ber, wuoda," vyema, mwanangu, kisha akarudi kwenye mshipi wake wa tyubu. Na kila alikopelekwa kupimwa, alijifungia chooni kwanza akajitengeneza.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya kufua. Niliweka chai kwenye stuli, nikasema, "Baba, chai," akajibu kwa sauti ndogo. Nilipomaliza kuanika nguo nikarudi, chai ilikuwa palepale imeota utando juu. Nikamsikia akitapika kwenye beseni.

"Baba, kimetoka?"

"Kimetoka kidogo."

"Kimerudi?"

"Kimerudi. Endelea na kazi."

Alikuwa anasaga meno. Nilimpigia Owuor, alikuwa Dandora anapachika geti, kelele za mashine zikammeza. Nilimpigia Okumu. "Usimpeleke popote," Okumu akasema. "Niko mkutanoni, nikitoka nakuja mwenyewe. Nimeshapata mahali pa matundu, wanamchukua wiki ijayo. Ukimpeleka kwa wale wako watampasua." Nikakata simu. Nikasimama mbele ya lile pazia la Adoyo, nikamwomba Adoyo msamaha kwa sauti, nikalivuta.

Alikuwa amelala chali, shuka imeanguka, mikono yote miwili imeshika pale akisukuma, na kile kitu kilikuwa kikubwa na cheusi kama biringanya. Alinitazama. Sijawahi kumwona mtu mwingine maishani mwangu akinitazama vile. Akajaribu kujifunika na mikono haikufika.

"Toka," akasema.

"Sitoki, Baba."

Nikamfunika. Nikatoka nje nikamwita Mwanzia, jirani yetu anayeendesha teksi, tukambeba na godoro lake.

"Mathee, twende wapi?" Mwanzia akauliza. "Ile ya Okumu ama?"

"Nenda kwa Batulo," nikasema, kana kwamba kila mtu duniani anamjua Batulo.

Alitupokea mwenyewe. Alimgusa mara moja tu, akaita watu wakimbie. Nikamshika mkono wa koti. "Daktari, ile ya mkato. Ya ganzi. Bado si inawezekana?"

"Mama, hiyo imepita. Utumbo umekabwa, na sehemu imeshakufa. Sasa ni tumbo lote, na usingizi kabisa, na mashine. Hatuna cha kuchagua."

Kwa hiyo alipata vyote. Alipata mkato aliokataa Okumu, mrefu kutoka kifuani hadi chini. Alipata usingizi na mpira kooni alioogopa daktari. Matundu hakuna aliyeyataja. Okumu alifika jioni na tai yake, akaniuliza mbele ya watu ni nani aliniruhusu. Owuor, ndiyo mara ya kwanza, akamwambia anyamaze.

Mzee hakufa. Watu wa kanisani walikuja kumshukuru Mungu, nami nikashukuru pamoja nao. Alitoka chumba cha wagonjwa mahututi, akatoka wodini, amekwisha, kanzu ya hospitali inamning'inia. Utumbo ulikuwa umekatwa, na ncha yake moja wameitoa nje kupitia ngozi ya tumbo, upande wa kushoto. Pale pamebandikwa mfuko wa plastiki wa kupokea choo. Kifua chake hakingevumilia usingizi mwingine wa kuja kuurudisha ndani, Daktari Batulo alisema, labda kamwe.

Muuguzi alitufundisha kuubadilisha. "Mchana nani huwa nyumbani?" akauliza.

Owuor akanitazama. Mzee akageuza uso ukutani.

Owuor aliubadilisha alfajiri kabla hajaenda kazini na jioni akirudi. Mchana mfuko ule haukuwa na mwenyewe. Siku ya kwanza ulijaa kabla ya chakula cha mchana. Nilijua kwa harufu. Nikaja hadi kwenye stuli.

"Baba, nije?"

"Hapana."

"Dakika moja tu. Nitafumba macho."

"Nyar Murang'a, ulishaniona. Inatosha."

Alikaa nao hadi jioni, ukafumuka, ukalowesha shuka. Shuka nilizifua mimi, na yeye alijua nazifua mimi. Niliposikia kupitia pazia kwamba analia nikatoka nje nikajifanya naokota vibanio vya nguo. Nilimwomba Owuor tutafute mwanamume wa kumhudumia. Akaleta mmoja, mzee akamfukuza kwa fimbo; hakutaka mtu wa nje ajue. Nilimwambia Okumu achukue zamu. Okumu alikuja Jumapili, akasimama mlangoni na leso puani.

"Ingekuwa matundu tangu mwanzo, haya yote hayangekuwepo," alisema.

"Ungekubali mkato, haya yote hayangekuwepo," Owuor akamjibu.

Wakapigizana kelele, mmoja na matundu yake, mwingine na mkato wake, kitanda cha mzee kikiwa katikati yao. Niliwaambia kupitia pazia kwamba Baba hali chakula. Wakasema akipona atakula, wakaendelea.

Kwanza alikuwa amebakisha ugali. Nikadhani ni ladha ya dawa, nikamkaangia samaki, nikamtolea miiba. Akasema ameshiba. Kisha akaacha wali, akaacha viazi, akaacha hata uji. Alitaka chai ya rangi bila sukari, na hiyo pia aliinywa nusu. Nilikuwa mwepesi kuelewa habari za madaktari, lakini hili lilinichukua muda kuliona.

"Baba, mbona huli?" nilimuuliza leo.

Sauti yake siku hizi huchukua muda kufika.

"Owuor amekwambia mfuko ulikuwaje asubuhi?"

"Amesema ni mkavu."

"Na jana?"

"Mkavu."

"Unaona," akasema, na nikaisikia ile furaha yake ndogo ya kazi, ile ya pale bombani. "Nimefunga huko juu. Sasa hakuna mtu wa kupigana na kitu."

Nikashika pazia. Alisikia vishikizo vikilia kwenye waya.

"Wakiuru," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Uliingia mara moja na sikulaumu. Usiingie tena."

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Okumu, amechangamka. Amepata daktari anayeweza kuurudisha utumbo ndani, hospitali fulani mpya, tena bila kupasua. "Mwambie Baba," alisema. "Mwambie ni matundu matatu tu."

Nikamwambia Baba. Pazia halikutikisika. Nilikaa kwenye ile stuli, mahali pa chai yake, na bakuli la uji mapajani, nikiwa na hasira na kila mtu katika ukoo huu na yeye akiwa wa kwanza, na mkono wangu mmoja bado umelishika pazia wala sikulivuta. Uji ulipoganda nikautoa nje.